Barua kwa Mkono Wako Mwenyewe

Ndugu msomaji, umekwisha jifunza kusoma. Umekwisha jifunza kuandika jina lako. Ukipokea fedha za mauzo ya korosho, huweki tena dole gumba, unatia sahihi. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini nakuuliza: je, umekwisha mwandikia mtu barua?

Mimi ni mwalimu wa kisomo hapa Sofu, katika mji wa Kibaha. Darasa letu hukutana saa kumi jioni, watu wakisharudi kutoka shamba na sokoni. Kila mara nawauliza wanakisomo wapya wanataka kusoma kwa sababu gani. Baadhi hujibu kuwa wanataka kusoma vitabu vya dini. Wengine wanataka kuweka hesabu za biashara zao. Lakini wengi, hasa akina mama, hujibu hivi: "Nataka kumwandikia mwanangu."

Jibu hilo si dogo. Soma, nitakueleza kwa nini.

Barua ya kusomewa

Mtu asiyejua kusoma ana watoto na ndugu kama watu wengine. Nao humwandikia. Zamani walimwandikia kwa karatasi na stempu. Siku hizi humwandikia katika simu. Yeye hutafuta mtu wa kumsomea, naye akitaka kujibu hutafuta mtu wa kumwandikia. Basi kila neno lake hupita katika kinywa cha mtu mwingine.

Katika darasa letu alikuwapo mama mmoja ambaye binti yake alikwenda Omani kufanya kazi za nyumbani mjini Maskati. Amenipa ruhusa nikuelezee habari zake, bila kutaja jina. Binti alikuwa akimwandikia ujumbe katika simu. Kijana wa jirani ndiye aliyemsomea. Siku moja binti aliandika kuwa ametuma fedha. Kabla jua halijatua, watu watatu walikuwa wamekwisha fika kwa yule mama kukopa.

Hilo la mikopo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa jingine. Binti naye alijua kuwa maneno yake husomwa na mtu mwingine. Kwa hiyo kila mara aliandika hivi tu: "Mama, sijambo. Usiwe na wasiwasi." Na kusema kwa sauti hakuweza, kwa sababu waajiri wake walikuwa karibu naye muda wote.

Mama huyo alisoma kwa bidii kuliko wote. Baada ya miezi minane aliandika ujumbe wake wa kwanza, akiwa amekaa chini ya mwembe peke yake. Aliandika hivi:

"Mwanangu, leo naandika mwenyewe. Hakuna mwingine anayesoma. Niambie kweli, unaishije huko? Mama yako."

Jibu lilikuja usiku. Safari hii halikuwa la kusema sijambo. Binti alieleza kuwa hajalipwa mshahara kwa miezi mitatu, na kwamba pasi yake ya kusafiria imefungiwa kabatini. Mama alilia. Kisha akafuta machozi, akaanza kazi. Tanzania ina ubalozi mjini Maskati. Ndugu walisaidiana kupata namba ya simu ya ubalozi, na mama akamwandikia binti namba hiyo, tarakimu moja moja, kwa mkono wake. Binti alilipwa miezi miwili kati ya ile mitatu. Akarejeshewa pasi yake, akarudi nyumbani.

Ndugu msomaji, tazama vizuri. Maneno ya mama yule hayakuwa mengi. Hata herufi 160 hayakufika, na herufi 160 ndicho kipimo cha ujumbe mmoja wa simu. Lakini yalikuwa maneno yake mwenyewe, na binti aliyatambua. Barua ni siri ya watu wawili. Asiyejua kuandika hana siri hiyo.

Jembe lisilotumika

Nchi yetu imetoka mbali katika jambo hili. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100, kiasi cha watu 67 hawakujua kusoma na kuandika. Tarehe 31 Desemba, 1969, Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa mwaka 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma mashuleni, chini ya miti na viwandani. Ilipofika mwaka 1986, wasiojua walikuwa wamebaki kiasi cha 10 tu katika kila 100.

Lakini sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa wasiojua wamezidi tena 20 katika kila 100. Sababu ni nyingi. Madarasa mengi yalifungwa, na watoto wengine hawakumaliza shule. Tena, wako waliojifunza wakaacha kutumia. Kusoma ni kama jembe. Lisipotumika hushika kutu. Ndiyo maana nakushauri uandike barua. Barua itakufanya usome na uandike hata baada ya darasa kwisha.

Jinsi ya kuandika barua ya kirafiki

Barua ya kirafiki ni ile unayomwandikia ndugu, mzazi, mtoto au rafiki. Ina sehemu tano:

1. Anwani yako, upande wa kulia juu, pamoja na tarehe.
2. Mwanzo: unamtaja unayemwandikia, kama Mama mpendwa au Kaka yangu.
3. Salamu.
4. Habari zenyewe.
5. Mwisho, pamoja na jina lako.

Barua ya kikazi ni tofauti. Hiyo ina anwani mbili, yako na ya ofisi. Ina kichwa cha habari, na mwisho unatia sahihi. Mwanakisomo mmoja alimwandikia mama yake barua yenye kichwa "YAH: KUKUJULIA HALI". Darasa zima lilicheka, naye akacheka. Mama si ofisi. Huhitaji kichwa cha habari ili kuzungumza naye.

Jambo la pili: salamu zisimeze habari. Wengi wetu tumezoea kuanza hivi: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Ni maneno mazuri, na adabu ni lazima. Ukimwandikia mkubwa wako, anza na Shikamoo. Lakini maneno hayo yakijaza ukurasa mzima, msomaji hatajua kama ng'ombe amezaa au paa limeezuliwa na upepo.

Jambo la tatu: andika kama unavyosema. Kabla ya kushika kalamu jiulize: angekuwa ameketi hapa mkekani, ningemwambia nini kwanza? Andika hilo. Mtu aliye mbali hupenda habari ndogo za nyumbani. Tazama mfano huu:

                                        Sofu,
                                        S.L.P. ........,
                                        Kibaha.
                                        14 Agosti, 2023.

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo. Bibi yako anaumwa magoti lakini bado anakwenda kisimani, hataki kukatazwa.

Mikorosho imetoa maua mengi mwaka huu. Ule mkorosho ulioupanda wewe nao umetoa maua kwa mara ya kwanza. Mdogo wako amefaulu mtihani wa darasa la nne. Anauliza utarudi lini.

Mwanangu, ukichoka rudi. Chumba chako kipo, na mkeka wako sijampa mtu.

Ni mimi mama yako.

Barua hii ni fupi. Hata hivyo, aliyeipokea ameona kisima, shamba na chumba chake.

Karatasi, simu na barua pepe

Huenda utauliza: mwalimu, nani anatumia stempu siku hizi? Ni kweli, wengi hutumia simu. Lakini kanuni ni zile zile. Taja unayemwandikia, msalimu, mpe habari, agana naye, kisha taja jina lako. Usipotaja jina, na namba yako ni mpya, hatajua ni nani.

Iko pia barua pepe. Hii hupita katika kompyuta na simu kubwa. Mmarekani mmoja, Ray Tomlinson, ndiye aliyeanza mwaka 1971 kupeleka barua pepe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Yeye ndiye aliyechagua alama ya @ iwekwe katikati ya anwani. Upande mmoja ni jina la mtu, upande wa pili ni mahali barua zake zinapohifadhiwa, kama vile sanduku la posta. Tarehe huna haja ya kuandika, mashine huiweka yenyewe. Lakini angalia sana anwani. Herufi moja ikikosekana, barua haifiki.

Ukikosea tahajia katika barua kwa ndugu yako, usione haya. Hakusahihishi kama mwalimu. Anakusoma kama ndugu.

Basi usingoje mpaka uwe fundi. Yuko mtu anayekungoja.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini binti aliyekuwa Maskati aliandika "sijambo" kila mara?
2. Taja sehemu tano za barua ya kirafiki.
3. Barua ya kirafiki na barua ya kikazi zina tofauti gani?
4. Je, katika kijiji chako wako watu wanaosomewa barua zao? Mnaweza kuwasaidiaje?

Kazi ya nyumbani

Mwandikie barua mtu mmoja aliye mbali nawe. Mpe habari tatu za nyumbani. Mwalimu asiisome. Ipeleke.