Kanda za Harusi na Deki Isiyotupwa

Nyumbani kwetu Tanga, televisheni ililetwa kwa ajili ya deki ya video. Mjomba alirudi nazo zote mbili kutoka Uarabuni, na kwa muda mrefu hatukuwa na stesheni ya kutazama, kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya sabini, tena cha rangi, na siku hali ya hewa ikikubali tuliwakamata kwa antena ndefu, picha ikiwa chenga tupu. Siku nyingine zote tulitegemea kanda.

Kwa hiyo watu wa rika langu tuliijua video kama mali ya mtu kabla hatujaijua kama matangazo. Kanda ilikuwa na mwenyewe. Iliazimwa, ikadaiwa, ikafungiwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Filamu za Kihindi tulizikodi dukani, na ukipeleka kanda bila kuirudisha mwanzo unatozwa. Lakini zile za harusi hazikukodiwa popote. Harusi ya shangazi ilirekodiwa yote, kuanzia wanawake wakikuna nazi uani mpaka bi harusi anatolewa nje. Katikati yake bibi yangu anamkaripia mpiga picha asimchukue akiwa na kanga ya jikoni. Bibi amekwisha kufa, na sauti yake haipo mahali pengine.

Kanda hiyo ndiyo iliyonifikisha kwa fundi, Dar es Salaam. Hewa ya pwani ina unyevu, na kupitia kidirisha cha kanda niliona unga mweupe umeukalia utepe: ukungu. Fundi alifungua skrubu tano za chini, akalitenganisha kasha, akanionyesha utepe wenyewe, mweusi, unang'aa, upana wake nusu inchi. Aliufuta polepole kwa kitambaa kikavu huku akiuzungusha kwa mkono. Alikataa kuuingiza ndani ya deki kabla hajamaliza, maana ukungu hubaki kwenye vichwa vya kusomea na kuhamia kanda nyingine. Vichwa hivyo vimo ndani ya silinda inayozunguka mara 25 kwa sekunde, na uchafu kidogo tu unatosha kuziba picha.

“Mwanangu, kanda usiilaze,” aliniambia. “Isimamishe kama kitabu, na uirudishe mwanzo kabla ya kuiweka.”

“Nimekuelewa, mzee.”

VHS, aina ya kanda hizi, ilitoka Japani 1976, na kiwanda cha mwisho kilichojulikana kutengeneza deki zake, cha Funai, kilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Tangu hapo vipuri vinatoka ndani ya mashine zilizokufa.

Kanda zilipoanza kutoweka madukani, sidii zilikuja kwa kasi. Kwanza VCD, ambayo haikuweza kubeba filamu nzima. Ikifika patamu, mtu ananyanyuka kuweka ya pili. Baadaye DVD. Hapo ndipo Bongo Movie, filamu zetu za Tanzania, ilipokua. Filamu za waigizaji kina Steven Kanumba hazikungoja majumba ya sinema, ambayo mengi yalikuwa yamefungwa. Zilitoka Kariakoo zikiwa kwenye makasha, zikapanda mabasi, na kuwafikia watu wa Sumbawanga na Kigoma. Wakati huohuo msimuliaji aliyeitwa Lufufu alikuwa akizisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, Titanic ikiwemo, akieleza, akitania, akimkemea mhusika. Kwa wengi hiyo ndiyo Titanic wanayoijua, na ukiwapa ile halisi yenye picha safi, umewapa filamu nyingine kabisa.

Blu-ray, ya mwaka 2006, ilitupita tu. Sikumbuki nyumba hata moja ya ndugu zangu iliyokuwa nayo. Picha ya DVD iliwatosha, na mashine za bei nafuu kutoka China zilisoma hata sidii iliyokwaruzika.

Sasa tuna simu, flashi na intaneti, na vijana wananiuliza kwa nini shangazi bado anafuta sidii zake kwa upindo wa kanga. Wapo wanaosema ni umaskini. Sehemu yake ni kweli: filamu ya saa mbili, hata kwa picha ya kawaida, inaweza kula gigabaiti mbili, na bando linanunuliwa upya kila likiisha. Lakini shangazi ana wanawe wanaoweza kumnunulia bando, na bado hataki. Sidii akishainunua amemalizana nayo. Hakuna nywila ya kuulizia wajukuu, na filamu haiondolewi kwa sababu kampuni mbili za ng'ambo zimemaliza mkataba wao. Jirani akiitaka anapewa mkononi, na akiirudisha anakaa kidogo, wanaongea. Naona ana haki kabisa, na wanaomcheka hawajawahi kuitafuta filamu waliyoilipia wakaikosa.

Kinachonisumbua ni televisheni mpya. Nyingi hazina tena matundu ya nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, ila ununue kifaa cha kuunganishia. Kila tunapobadilisha seti, ndugu mmoja anapendekeza deki itupwe kwa kuwa harusi imekwisha kuhamishiwa kwenye flashi. Mimi nilisimamia uhamishaji huo mwenyewe na nimefurahi kuwa umefanyika. Wapwa walioko Ulaya wamemwona bibi. Hata hivyo flashi ya kwanza ilikufa bila dalili, mafaili yote yakapotea mara moja, wakati kanda imezeeka kwa kuonya: kwanza mistari, kisha chenga, sauti ikibaki inasikika. Tukairudia kanda, tukanakili upya.

Ndiyo maana nikisikia mtu anahama na anatupa deki mbovu, naifuata. Mbili nimezipeleka kwa fundi azivue mikanda ya mpira na silinda, na amenikubalia kuwa kanda za maulidi za mjomba ndizo zinazofuata.