Dawa ya Kupaka Isigeuzwe ya Kuchoma



Katika msimu wa harusi uliotangulia Ramadhani, mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia ofisini baada ya Swala ya Alasiri, akaweka mezani karatasi iliyokunjwa. “Ustadhi,” akasema kwa upole, “mhuri huu si wa msikiti wetu?” Ulikuwa wetu. Na saini iliyokuwa chini yake ilikuwa yetu sisi, katibu wa kamati.

Barua ile ilimruhusu muuzaji mmoja wa dawa za Sunna kuweka meza nje ya lango kila Ijumaa. Aliomba kuuza asali, habasoda, mafuta ya zaituni na manjano, nasi hatukuona ubaya. Kumbe kando ya chupa zake aliuza pia rola ndogo ya mkononi, iliyojaa sindano za chuma nyembamba mno. Aliwaelekeza mabinti waipitishe usoni, kisha wapake mafuta ya habasoda yaliyochanganywa na manjano, ili madoa ya chunusi yatoke kabla ya harusi.

Binti wa mama yule ndiye aliyekuwa bibi harusi. Yeye na wenzake wanne waliitumia rola hiyo hiyo moja, usiku mmoja. Siku mbili baadaye uso wake ulikuwa umevimba na kutoa usaha.

Tulifuatana na wazazi wake kwa daktari wa ngozi, na huko tukajifunza tuliyopaswa kuyauliza kabla ya kutia saini. Elimu yenyewe si uzushi. Tabaka la juu kabisa la ngozi lina unene wa takriban sehemu moja hadi mbili za mia za milimita, lakini ni ngome madhubuti aliyoijaalia Allah (S.W.). Viambato vingi vya mitishamba huishia juu yake. Sindano hizi hutoboa vijitundu vidogo vya kuipita ngome hiyo. Katika maabara, watafiti hutengeneza vibandiko vyenye sindano zinazoyeyuka ndani ya ngozi, na dawa huwa imo ndani ya sindano zenyewe. Kiini cha manjano ni miongoni mwa vilivyojaribiwa. Lakini huko dawa husafishwa, hupimwa kiasi chake na kulindwa dhidi ya vijidudu.

Tundu halichagui cha kupitisha. Likipitisha habasoda, hupitisha na vumbi la chupa, manukato na vijidudu vya mkononi. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliandika habari za wanawake watatu waliopata vinundu usoni baada ya tiba ya sindano hizi iliyoambatana na vipodozi vya kupaka. Na mwaka 2024 mamlaka ya afya ya nchi hiyo ilieleza jinsi wateja wa saluni moja isiyo na leseni, katika jimbo la New Mexico, walivyoambukizwa virusi vya UKIMWI kupitia huduma ya sindano za usoni. Hiyo ndiyo sababu mabinti wetu watano walilazimika kupimwa virusi hivyo pamoja na homa ya ini. Vipimo vya kwanza vilikuwa salama, alhamdulillah. Wametakiwa kurudi kupimwa tena.

Bibi zetu waliwasinga maharusi kwa singo na liwa, kisha wakawaosha. Dawa ilibaki juu ya ngozi, mahali pake. Baraka ya habasoda hatuitilii shaka; lakini kuwa dawa ni ya Sunna hakuifanyi kila njia ya kuitumia kuwa salama.

Chuoni tulisoma kwamba anayejitia utabibu bila kuujua hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Mlango ule wa fiqhi tuliufaulu kwenye mtihani. Hatukuwahi kujiuliza, je, aliyempigia mhuri tabibu huyo naye hana sehemu yake?

Kamati imeifuta ruhusa ile, nasi tumesimama mbele ya jamaa baada ya Swala ya Ijumaa kuomba radhi. Sasa kila anayeomba meza huulizwa anauza nini na kinatumiwaje.

Wazazi wenzetu, mkiona rola hiyo chumbani kwa binti, msianze kwa ukali. Mwambieni asimwazime mtu wala asiazime, asiipitishe penye chunusi mbichi, na asipake juu ya vijitundu mafuta yaliyotengenezwa kwa kupaka juu ya ngozi. Akitaka tiba ya makovu, mpelekeni kwa daktari wa ngozi.

Harusi ilifungwa kwa siku iliyopangwa. Bibi harusi alikaa amejifunika ushungi hadi machoni, na wageni walidhani ni haya. Sisi tuliokuwa tukiandika cheti cha ndoa tulijua sababu, na mhuri tulioutumia ulikuwa ule ule.

Allah atusamehe, na atuwafikishe kuilinda amana. Amin.