Miba ya Valentine

Wenzangu walipewa waridi. Mimi, jamani, nikaletewa kaktasi kwenye kopo! Kichwa chekundu, saizi ya chenza, kimekaa juu ya shina la kijani. Nilinuna mpaka usiku.

Inaitwa Gymnocalycium mihanovichii, asili yake Paraguay na Argentina. Hicho kichwa chekundu hakina ukijani wa majani, hivyo hakiwezi kujitengenezea chakula. Kimepandikizwa juu ya kaktasi nyingine ambayo ndiyo inayokilisha. Nikacheka: "Kama humu ndani tu." Mume wangu alikuwa hana kazi tangu Oktoba. Hakujibu.

Kwa majuto nikawa naimwagilia kila jioni. Na masika ya Kiboriloni mnayajua. Kufika Mei shina limeoza, kichwa nacho kikafa.

Ya pili aliinunua kwa hela ya kibarua chake cha kwanza. Safari hii kopo kalitoboa chini, akatia mchanga mwingi na kokoto ndogo, akaiweka dirishani penye mwanga, mbali na jua kali la mchana. Maji ni mpaka udongo ukauke kabisa. Juni na Julai, baridi ikishuka, karibu hainyweshwi. Mimi nimepigwa marufuku kuigusa. Na lile neno bado sijaliombea radhi.