Nitwike

Watu wengi hudhani kuwa imani hupimwa kwa mambo makubwa. Yangu ilipimwa kwa ndoo ya maji, ikaonekana pungufu.

Nilikuwa mvulana wa miaka 15, nikikaa Frere Town karibu na kisiwa cha Mombasa. Kijiji hicho kilianzishwa na wamisheni mwaka 1875 kiwe makao ya watumwa walioachwa huru. Kengele yake ya kale, ambayo mahali paitwapo Kengeleni pamepata jina kwayo, ilipigwa zamani kuwaonya wenyeji hatari ilipokaribia. Onyo langu mimi halikuja kwa kengele. Jumapili moja nilikuwa nikienda kanisani mbio, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Njiani alisimama bibi mmoja mzee, ndoo iliyojaa maji i chini mbele yake. Akaniambia kwa upole, "Mjukuu wangu, nitwike."

Wajua kwamba mtu aweza kuchukua mzigo kichwani mwendo mrefu peke yake, lakini kujitwika ndoo iliyojaa ni shida, hasa kwa mzee. Kazi niliyoombwa haikuzidi muda wa kuvuta pumzi mbili. Nikatazama shati langu, nikachelea kulowa. Nilimwamkia kwa adabu, nikamwambia nimechelewa, nikapita.

Kanisani niliimba kwa sauti kuu. Agizo la Mtume Paulo kwa Wagalatia, la kusaidiana mizigo, nalilijua kwa moyo. Lakini kila nilipofumba macho kuomba, nilimwona yule bibi. Ibada ilipokwisha nilirudi upesi. Hakuwapo. Mchangani ilisalia alama ya duara ya kitako cha ndoo. Kama alitwikwa na mtu mwingine, au alimwaga nusu ya maji apate kuinua yaliyobaki, sikujua, wala sijui hata leo.

Tangu siku hiyo nimewatwika wengi, na shati limelowa mara nyingi, likaanikwa, likakauka.

Basi msomaji wangu, usingoje siku ya kutenda jambo kubwa kwa ajili ya imani yako. Huenda siku hiyo isije. Lakini leo, kabla jua halijatua, huenda mtu akakuomba msaada mdogo, nawe una haraka. Simama umtwike, kisha uende kanisani. Hata ukifika umechelewa, ibada yako utakuwa umekwisha kuianza njiani.