Ubao wa Makanyagio

Kitu nitakachokieleza katika makala haya ni kipande cha ubao. Urefu wake wapata hatua moja ya mtu mzima, upana wake ni shubiri mbili, nacho kilikatwa katika mbao zilizosalia baada ya mtumbwi mmoja kuundwa ufukoni Mkuyuni. Juu yake pamepigiliwa kisanduku cha chuma chenye kitufe cha kukanyagwa, na ubavuni mwa kisanduku pana kihori kidogo cha kuwekea betri. Hicho ndicho chombo chote. Kijana mmoja mpiga gitaa, aliyenitembelea mwaka jana, alikitazama akacheka, kwa kuwa yeye huchukua jukwaani ubao wa alumini wenye pedali tisa, zote zikilishwa umeme kwa waya mmoja. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikicheka kabla yake, na kicheko changu kilikuwa na gharama, kama msomaji atakavyoona.

Yafaa niwaeleze kwanza wale wasiopiga gitaa. Gitaa la umeme halina tumbo la kutolea sauti. Mtikisiko wa uzi wa chuma mbele ya sumaku huzaa mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo husafiri katika waya mpaka kwenye amplifaya. Katika safari hiyo ndipo penye nafasi ya kuingilia. Mtu akiweka chombo katikati ya njia aweza kuirudia sauti ikawa mwangwi, au kuipandisha na kuishusha ikawa mtetemo, au kuikata vichwa ikawa mkwaruzo. Na kwa sababu mikono yote miwili ya mpigaji ina kazi, chombo kikawekwa chini, kikaachiwa mguu.

Vyombo vya namna hii vilianza kwa ufundi wa kuchekesha. Katika miaka ya 1940 kampuni ya DeArmond ya Marekani ilitoa kisanduku cha mtetemo ambacho ndani yake mlikuwa na kichupa cha majimaji kilichotikiswa kwa mota. Maji yakigusa na kuachana na ncha ya waya, sauti ya gitaa hupanda na kushuka. Mwaka 1958 Charlie Watkins wa London aliuza mashine ya mwangwi iitwayo Copicat, iliyotumia utepe wa sumaku uzungukao bila mwisho. Lakini kisa nikipendacho kuliko vyote ni cha mji wa Nashville. Mwimbaji Marty Robbins alikuwa akirekodi wimbo wake „Don't Worry”, uliotoka mwaka 1961, na Grady Martin alikuwa akipiga gitaa la besi la nyuzi sita. Transfoma moja katika meza ya kurekodia iliharibika, na sauti ya besi ikatoka imechanika kama nguo iliyokwama kwenye miiba. Badala ya kuifuta, waliiacha. Fundi wa mitambo, Glenn Snoddy, akakaa akatafuta njia ya kuuiga ubovu ule kwa transista, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikauza kisanduku kiitwacho Maestro Fuzz-Tone. Hicho ndicho kilichokanyagwa na Keith Richards wa Rolling Stones mwaka 1965 katika „Satisfaction”, naye alikusudia kuonyesha tu mahali ambapo matarumbeta yangekuja kupigwa baadaye. Matarumbeta hayakuja, na ulimwengu ukaridhika na mkwaruzo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1966 duka la Arbiter la London lilitoa Fuzz Face, kisanduku cha duara ambacho umbo lake liliigwa kutoka kitako cha kusimamishia maikrofoni. Mwaka huo huo, Marekani, Brad Plunkett aligundua pedali ya wah-wah alipokuwa akitafuta kitu kingine kabisa, yaani njia ya kupunguza gharama ya swichi katika amplifaya. Ikauzwa mwaka 1967. Jimi Hendrix alipopiga Woodstock mwezi Agosti mwaka 1969, alikuwa na pedali tatu zimelala chini bila ubao, zimeunganishwa kwa waya za kujikunja, na mtu yeyote angaliweza kuzipiga teke. Ubao wenyewe ulifuata kutokana na adha hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 fundi Pete Cornish wa Uingereza alianza kuwaundia wapigaji ubao mmoja ulioshika vyombo vyote, na mwaka 1977 kampuni ya Boss ya Japani ikatoa pedali zake ndogo tatu za kwanza, ambazo umbo lake ndilo lililojaza mbao za vijana hata leo.

Sipendi kuyasimulia haya kana kwamba watu wa pwani ya ziwa letu walikuwa wamelala wakingojea Nashville iharibikiwe na transfoma. Sauti yenye mkwaruzo ilipendwa huku zamani. Ng'ambo ya kaskazini, katika Uganda, zeze liitwalo endongo huwambwa ngozi ya kenge, na nyuzi zake huachwa karibu sana na ngozi ili zikipigwa ziigonge na kuvuma. Wagogo hubandika utando wa buibui juu ya tundu la ilimba kwa kusudi lile lile. Na mpiga nyatiti wa Kijaluo, ambaye jirani zetu wa Mara na Kisumu wanamjua vema, huketi kwenye kigoda kifupi, mikono yake ikiwa katika nyuzi nane, naye huvaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye mti wa chombo, ilhali njuga zimefungwa mguuni. Sidai kwamba nyatiti ilizaa pedali. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia ukingoni mwa ziwa hili hakuhitaji kufundishwa kwamba mguu nao ni kiungo cha kupigia muziki.

Sasa nije kwa mjomba wangu.

Mkuyuni iko kusini mwa mji wa Mwanza, katika barabara iendayo Shinyanga. Upande mmoja ni vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, upande wa pili ni maji. Mjomba alipiga gitaa la solo katika bendi ya baa moja hapo. Magitaa, ngoma, amplifaya na hata maikrofoni vilikuwa mali ya mwenye baa. Huu ndio uliokuwa mtindo wa nchi nzima: bendi ya NUTA, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa na vyombo vya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz vya umoja wa vijana wa TANU, na bendi nyingine vya jeshi, polisi au mashirika. Mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Ndiyo maana kile kisanduku cha mjomba kilikuwa zaidi ya kisanduku. Katika jukwaa lote, kilikuwa kitu chake peke yake.

Alikipata mwaka 1976. Mpiga saksafoni wa bendi yao alikuwa ameondoka kwenda Dar es Salaam, na nyimbo zikabaki na pengo pale ambapo saksafoni ilizoea kujibu. Baharia mmoja wa meli za ziwani akamletea kisanduku kutoka Nairobi kwa njia ya Kisumu, kimekwisha futika jina. Nairobi ya miaka ile ilijaa sauti hizo. Hata bendi ya Musi-O-Tunya ya Zambia, iliyopiga roki ya mkwaruzo, ilikuwa ikirekodi huko. Mjomba hakujali roki. Alikanyaga kitufe pale tu saksafoni ilipopaswa kujibu, akapiga mistari yake kwa uzi mmoja, kisha akakanyaga tena na kurudi katika sauti safi. Naona alikuwa na haki. Uzuri wa dansi letu ni magitaa matatu yanayosukana, na mkwaruzo ukizidi huyafunika yote kama tope.

Mwezi wa Februari mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, Jumuiya ikavunjika mwaka huo huo, na njia ya Kisumu ikazibika. Tangu hapo mjomba alijua kwamba kisanduku kile hakina ndugu wa kumrithi. Vijibetri vyake vya volti tisa havikupatikana tena, akachonga kihori cha mti na kupanga ndani yake betri sita za redio, kila moja volti moja na nusu. Hizo nazo zilikuwa adimu, na alizihesabu kama dada yake, yaani mama yangu, alivyohesabu vipande vya sabuni. Kihori na kisanduku akavipigilia juu ya ubao wa mtumbwi, wala hakujua kwamba London palikuwa na fundi afanyaye kazi iyo hiyo kwa malipo makubwa.

Kisanduku kilikuwa na tabia. Katika dansi la mchana, jua likiwa kali juu ya mabati, sauti yake ilififia na kukohoa. Usiku, upepo ukitoka ziwani, ilirudi nene na tamu. Mjomba alikiweka karibu na mtungi wa maji mpaka saa ya kupiga, wakati mwingine kimefunikwa kitambaa chenye unyevu. Wenziwe walimfanyia mzaha kwamba anamwogesha mtoto. Sababu yenyewe niliijua baadaye sana: transista za mwanzo zilikuwa za madini ya jerimani, na madini hayo yakipata joto hupitisha umeme hata pasipotakiwa. Mjomba hakusoma hilo popote. Alilipata kwa kusikiliza.

Mwaka 1981 nilikuwa kidato cha pili, nimekwisha fundishwa umeme kwa kipindi kizima cha muhula. Jumamosi moja mjomba alinituma nimpangie betri mpya, maana alikuwa akisubiriwa na mwenye baa. Nilipofungua kihori niliona kwamba waya wa upande chanya umeunganishwa na bati la kisanduku. Nikacheka. Katika kitabu chetu cha shule, na katika redio zote nilizozifungua, bati huwa upande hasi. Nikasema moyoni: maskini mjomba, miaka mitano amekosea. Nikazigeuza betri zote sita, nikafunika, nikampelekea, nikangojea kushukuriwa kwa sauti bora.

Kitabu hakikuwa na kosa, ila hakikuandikwa kwa ajili ya kisanduku kile. Vyombo vingi vya transista za jerimani vilifungwa hivyo, chanya kwenye bati, na kuvigeuzia umeme ni kuviua. Usiku ule mjomba alikanyaga kitufe, na pale saksafoni ilipopaswa kujibu pakawa kimya. Akakanyaga tena. Akainama, akakipapasa kisanduku kwa kiganja, kama mtu apimaye homa ya mtoto, kisha akaendelea na wimbo kwa sauti safi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni. Nilizigeuza betri alfajiri, kabla hajaamka, nikazirudisha zilivyokuwa.

Kwa muda wa wiki mbili alikihangaikia. Alidhani ni joto. Nilimwona akilowesha kitambaa, akikifunika, akikijaribu saa nne ya usiku na tena saa kumi, upepo ukiwapo. Nilikuwa na nafasi ya kusema kila siku, na kila siku niliiacha. Hatimaye alimpelekea fundi redio wa mtaani, ambaye aliing'oa transista iliyokufa na mwenziwe, akatia mbili za silikoni alizozitoa katika redio mbovu. Kisanduku kikasema tena. Hakikuogopa jua sasa, mtungi haukuhitajiwa. Lakini sauti ilikuwa kali, yenye makali ya bati lililokatwa, na ule unene wa usiku haukurudi. Wachezaji hawakuona tofauti. Mjomba alipiga mstari mmoja, akasikiliza, akasema, „Amekuwa mtu mzima,” na hakusema zaidi. Aliendelea kukitumia mpaka bendi ilipovunjika.

Mjomba alifariki mwaka 2004, na ubao ukaletwa kwangu pamoja na kofia yake na redio. Niliuweka juu ya kabati. Yule kijana wa mwaka jana, baada ya kucheka, aliomba tukiwashe, basi nikaushusha, nikanunua betri sita, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile nikafungua kihori.

Mwishoni mwa kihori, mbele ya msumari unaopokea umeme, palikuwa pamegongomelewa kijibao chembamba chenye tundu dogo katikati. Kichwa cha betri hupenya tunduni na kuugusa msumari. Betri ikigeuzwa, kitako chake bapa hukwama kwenye kijibao, na umeme haupiti. Mtoto aweza kuzipanga gizani asidhuru kitu. Kijibao hicho hakikuwapo siku niliyozigeuza, kwa kuwa nakikumbuka kihori kile pande zake zote. Nikakisogeza dirishani. Kilikuwa kimekatwa katika rula ya shule, na tarakimu 11, 12 na 13 zilikuwa bado zasomeka. Rula yangu ilipotea mwaka ule ule wa 1981. Niliitafuta nyumba nzima, na mjomba alipiga magoti akanisaidia kuitafuta chini ya kitanda.