Jirani wa chini



Wanafunzi wa mwaka wa tano wananiulizaka hata katikati ya somo la jiografia: «Mwalimu, Ulaya kuko namna gani?» Wanataka niwaeleze juu ya treni na teluji. Mambo hayo yako katika vitabu, wasome. Mimi nitaandika juu ya mambo madogo ambayo hakuna mtu alitueleza, mimi na bibi yangu, mbele ya kuondoka Bukavu katika mwezi wa tisa 2013. Tulikwenda Liège, mji wa Ubelgiji ulio kwenye mto Meuse. Nilipata bursa ya masomo ya miaka miwili. Mtoto wetu wa kwanza, binti wa miaka ine, tulimwacha kwa mama mkwe.

Nianze na polisi. Mgeni anayetaka kukaa kule inampasa kujiandikisha kwenye komini ndani ya siku nane za kazi. Tulijiandikisha. Siku chache kisha, asubuhi, polisi akabisha mlango. Kwetu munajua polisi akibisha mlango maana yake nini. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni kutafuta matabishi, bibi yangu akanikazia macho. Kumbe alikuja tu kuhakikisha kama kweli tunalala pale! Akatazama sanduku letu la barua chini ya ngazi, akasema tuandike majina yote mawili, sababu kule mwanamke akiolewa anabaki na jina lake katika karatasi za serikali. Akatushukuru, akaenda. Hakuomba hata maji. Tangu siku ile barua za bibi yangu zilikuja kwa jina la baba yake. Alifurahi kuliko nilivyopenda.

Jua nalo lilitusumbua. Kwetu linatoka na kuingia karibu saa ile ile mwaka mzima. Kule, mwezi wa kumi na mbili, saa kumi na nusu ya mchana giza limekwisha kuanza. Mwezi wa sita, karibu saa ine ya usiku ungali unaona njia. Bibi yangu alizoea kupika kwa kufuata jua, siyo saa. Basi tulikula ugali saa ine ya usiku wiki nzima. «Baba, batu ba huku banalalaka saa ngapi?» Tena wanageuza saa! Siku ya yenga ya mwisho ya mwezi wa kumi wanarudisha saa moja nyuma. Mimi nilifuata saa yangu ya mkono. Tukafika kanisani, mlango umefungwa, tukasimama kwenye baridi tukifikiri pengine mchungaji amekufa.

Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili, juu ya ngazi, bila mashini ya kufua. Katika mtaa kuko nyumba ya mashini: unatia feza, zinafua. Wiki moja bibi yangu aliumwa mgongo, nikabeba mfuko mimi mwenyewe, na nguo zake ndani, nikienda mbio kama mwizi. Hapa kwetu mtu mmoja angeniona, kesho yake shule nzima ingejua. Kule nilikaa mbele ya mashini saa nzima. Watu waliingia, walitoka, hakuna aliyenitazama. Nikarudi nikicheka: «Mama, huku hakuna mtu anatuona!»

Kweli tulianza kufurahia neno hilo. Niliosha sahani. Siku za yenga, kisha ibada, tulitembea kwenye soko la La Batte, kandokando ya mto, kati ya wauza jibini na maua, tumeshikana mikono. Musicheke.

Chini yetu alikaa mzee mmoja peke yake. Tukimsalimia alijibu kwa meno. Kwenye sanduku lake la barua jina lilikuwa limefutika, basi mwaka na zaidi hatukujua anaitwa nani.

Mwezi wa pili 2015, siku ya kazi, jioni, simu ikalia: mama mkwe amekufa, maziko ni kesho kutwa. Feza za bursa hazikutosha tiketi hata ya mtu mmoja kufika Kigali, kisha gari hata Bukavu. Kwetu, saa ile ile kiwanja kingejaa, wamama wangemshika bibi yangu mikono, vijana wangeleta viti. Kule tulikaa wawili. Niliangalia mlango kama mjinga, nikingojea watu. Wandugu wa Congo walikuja, ni kweli, lakini siku ya posho, sababu kila mtu alikuwa kazini.

Tukasukuma meza, tukatandika godoro chini kama kwenye kilio. Bibi yangu akalia vile mtoto wa kwetu anavyomlilia mama yake, siyo kimya. Mimi nikaanzisha wimbo, na sauti yangu munaijua. Saa tano ya usiku mlango ukabishwa. Kule saa hizo kelele zinakatazwa. Ni mzee wa chini, katika nguo za kulalia. «Bwana!» alianza kwa hasira. Kisha akaona godoro, akaona bibi yangu. Nikamwambia: «Mama yake amekufa, kwetu, mbali.»

Akafunga kinywa. Akasimama pale mlangoni pengine dakika mbili. Hakujua kuingia wala kuondoka, nami sikujua kumkaribisha. Akainamisha kichwa, akashuka polepole, akishika ukuta. Kesho yake jioni tulikuta bahasha chini ya mlango: karatasi ya rambirambi, ya kununua dukani, na jina lake chini.

Mimi nilikasirika. Karatasi! Hata kuketi hakuketi.

«Baba, ule muzee alikuya kwa kilio.»

«Alikuja kutunyamazisha!»

«Alikuya. Alisimama. Usiku ule nani mwengine alikuya?»

Tunabishana juu ya neno hili hata leo.

Tulirudi Bukavu mwezi wa tisa 2015. Binti yetu, aliyehamishwa kwa shangazi yake, alinipa mkono kama mtu anayesalimia mgeni. Juu ya hilo sitaandika zaidi. Jioni shemeji zangu walituletea daftari ya kilio, ambamo waliandika majina ya watu wote na vitu walivyoleta: mchele, makala, feza. Bibi yangu alisoma ukurasa kwa ukurasa, bila kusema. Kisha akaomba biki. Chini kabisa akaandika jina la yule mzee wa Liège, na kando yake: barua moja.

Shemeji akauliza: «Huyu ni nani?»

«Jirani.»