Reli Ilipoondoka Namasagali

Mwezi uliopita sisi familia tatu za hapa kambini tulikwenda Mbale kwenye harusi ya mtoto wetu. Njiani tukalala Jinja, maana watoto walitaka kuuona Mto Naili unapotoka Ziwa Victoria. Tukauona. Lakini kilichotukaa moyoni ni habari za mzee aliyetupokea. Baba yake alifanya kazi relini.

Alitueleza kwamba kuanzia Jinja mto una maporomoko mengi, meli haziwezi kupita. Basi mwaka 1912 Waingereza wakafungua reli kutoka Jinja mpaka Namasagali, ambako maji yametulia. Meli zilileta pamba kupitia Ziwa Kyoga, treni ikaishusha Jinja, ikavuka ziwa hadi Kisumu, halafu Mombasa. Namasagali ikawa mji wenye bandari na nyumba za wafanyakazi.

Miaka ya 1920 ilipokaribia kwisha, reli ya kutoka Kenya ikafika Tororo, na tawi lake likapita Mbale hadi Soroti. Mwaka 1931 likafunguliwa daraja la reli juu ya Naili hapo Jinja. Pamba ikapata njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yakapanda, bandari ya Namasagali ikafunikwa. Kwisha kazi! Reli ikafungwa.

Kumbe mji haukufa wote. Majengo ya reli yakageuzwa shule, watoto wa pande nyingi za Uganda wakasoma humo.

Mbale tulikula malewa, tukacheza ngoma mpaka asubuhi. Tulivuka Mto Nabuyonga unaopita mjini. Ukiutazama siku ya jua utasema ni kamto tu. Lakini mwisho wa Julai 2022 mvua ya Mlima Elgon iliujaza usiku, ukachukua nyumba na watu.

Kwenye basi la kurudi mama mmoja akasema, "Sisi kila siku tunasema hapa ni kwa muda tu. Ndiyo maana watoto wetu bado wanasomea chini ya turubai." Hakuna aliyemjibu.

Jumamosi hii tunaanza kufyatua matofali ya darasa la wadogo, kule juu, mbali na korongo. Hata tukiondoka kesho, mtoto wa mwingine atakaa humo. Mwenye jembe aje nalo, mwenye ndoo alete maji. Karibuni nyote.